Nyasi za Kulipia

Radi ilipiga upande wa pili wa ziwa, na treni ya kupaa, ile ya mchezo inayopanda na kuporomoka juu ya reli, ikasimamishwa. Bila radi hiyo, Ivelisse Collazo asingejikuta amesimama bega kwa bega na mwanamume ambaye, kama anga ingekuwa safi, angempita mbio bila hata kumwona.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, Orlando, na joto lilikuwa la kubandika nguo mwilini. Bustani ya burudani ya Palmetto Lake ilikuwa imefurika. Mbele ya treni kulikuwa na foleni mbili zilizotenganishwa na chuma. Moja ilikuwa ya watu waliolipa tiketi ya getini tu, nayo ilijikunja na kujikunjua kama utumbo. Nyingine ilikuwa fupi, ya wale walioongeza pesa juu ya tiketi ili wapite haraka. Radi ikipiga, sheria ya huko ni moja: kila mashine inazimwa, na aliyelipa na asiyelipa wote wanasubiri.

Ivelisse alikuwa kwenye foleni ndefu pamoja na binamu yake Damaris. Alivaa gauni la pamba la njano lililomfika magotini, raba nyeupe, na hereni kubwa za duara zilizocheza kila alipogeuza shingo. Upande wa pili wa chuma alisimama kijana mrefu mweusi mwenye mabega mapana, kavaa fulana ya bluu na kaptula ya kaki, anatazama mawingu kwa hasira kana kwamba yamemkosea yeye binafsi.

“Samahani, kaka,” Ivelisse akamwambia. “Hiyo njia yenu si ndiyo ya haraka?”

“Ndivyo tulivyoambiwa.”

“Sasa mbona tuko wote hapa?”

“Radi haikuambiwa.”

Damaris akacheka. Ivelisse akajizuia, lakini mdomo ulimsaliti. “Kwa hiyo umetoa pesa ya ziada ili uje usimame karibu na mimi.”

Kijana akamtazama, hasira ikamtoka. “Nikikuangalia, naona sikupunjwa.”

Jina lake lilikuwa Terrell Gaskins, mzaliwa wa Sanford, fundi wa viyoyozi. Kiangazi cha Florida kilikuwa kinamkimbiza kutoka paa hadi paa, na ile ilikuwa siku yake ya kwanza ya kupumzika tangu joto lianze. Waliongea mpaka mvua ikakatika. Treni ilipofunguliwa tena, njia ya haraka ikasogea kwanza. Terrell akapunga mkono, akamezwa na mlango. Ivelisse akajisemea moyoni kwamba hadithi imeishia hapo.

Aliposhuka kwenye treni baadaye, nywele zimesimama na sauti imemkauka kwa kupiga kelele, alimkuta ameketi kwenye benchi la mlango wa kutokea. Mikononi alikuwa na vikombe viwili vya maji ya limau, na barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

“Nimekusubiri karibu saa nzima,” Terrell akasema.

“Wewe uliyelipa usisubiri?”

“Sasa unaiona hasara yangu.”

Damaris akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na hamu ya paja la bata mzinga wa kuchoma, akaenda kulitafuta, na hakurudi mpaka namba za simu zilipokwisha kubadilishwa.

*

Mapenzi yao yalikua kwenye simu. Ivelisse alifanya kazi ya kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo katika maabara ya hospitali, akianza kabla jua halijachomoza. Terrell alikuwa juu ya mapaa. Alikuwa akipiga wakati wa chakula cha mchana, upepo ukivuma kwenye kinasa, akimuuliza mpenzi wake amechoma sindano wangapi leo. Ivelisse angemjibu kwamba wote wamelia isipokuwa vikongwe, na kwamba yeye pia akijileta atachomwa. Jioni walikula pamoja Kissimmee, kwenye nyumba ambayo Ivelisse aliishi na baba yake.

Mzee Efraín Collazo alikuwa mwoka mikate kutoka Ponce, Puerto Rico, mtu mfupi mwenye masharubu meupe yaliyokatwa kwa uangalifu. Mkewe Migdalia alikuwa amefariki miaka michache kabla. Sasa macho yake nayo yalikuwa yanamwacha. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa unaanzia katikati ya jicho: pembeni ataendelea kuona, lakini kile anachokitazama moja kwa moja kitazidi kufifia. Alimpenda Terrell tangu siku ya kwanza, kwa sababu kijana alikula sahani mbili za wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe bila kubembelezwa, na kwa sababu alimwita Don Efraín, kwa heshima ya Kihispania, huku akijitahidi kulitamka vizuri.

Jambo moja tu liliwakwaruza wapenzi hao, nalo lilionekana dogo. Kila walipokwenda Palmetto Lake, Terrell alinunua kila kilichouzwa juu ya tiketi. Alilipia njia ya haraka, kiti cha mbele kabisa cha treni, meza iliyowekwa akiba, hata picha. Siku moja ya Oktoba walizunguka hivyo tangu asubuhi, wakiingizwa huku na kutolewa kule, na alasiri walipoketi kula Ivelisse hakuwa na hamu ya chakula.

“Najisikia kama kifurushi,” akasema. “Kile kinachotakiwa kufika kabla ya saa sita.”

“Tumepanda kila kitu, mpenzi. Kuna watu hapa wataondoka wamepanda viwili tu.”

“Lakini hatujaongea. Mimi na mama yangu tulikuwa tunasimama kwenye foleni hizi nusu ya siku. Habari zote za ujana wake nilizipata humu, tumesimama, tunakula mkate. Alikutanaje na baba, kwa nini alimkataa yule mwingine. Nyumbani hakuwahi kupata nafasi ya kuniambia.”

“Mimi nina siku moja tu ya kupumzika. Siwezi kuitumia nikitazama kisogo cha mtu.”

“Sawa. Lakini huo muda unaoununua hautoki hewani, Terrell. Unatolewa kwa wale wa upande wa pili. Kila ukiingizwa wewe, wao wanaongezewa kusimama.”

Terrell alikuwa na jibu, nalo lilikuwa karibu sana na ulimi, lakini lilimhusu mama yake, na hakuwahi kumsimulia mtu. Akatania kwamba siku nyingine atasimama kwenye foleni hadi aote mizizi, wakacheka, wakaondoka. Ivelisse alirudi nyumbani akiamini kwamba anampenda mtu ambaye hawezi kuketi mahali mpaka aambiwe ni pa gharama.

*

Mwezi wa Desemba mzee Efraín alimpigia Terrell simu siku ya kazi, binti yake akiwa hospitalini. Aliomba apelekwe Palmetto Lake, wao wawili tu.

Pale kwenye ukingo wa ziwa kulikuwa na mteremko wa nyasi. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Efraín mwezi wa Januari, Migdalia alikuwa akitandika shuka pale, na familia ingeketi kutazama fataki na taa zikicheza juu ya maji. Alipokufa, baba na binti waliendelea. Mzee alijua kwamba Januari inayokuja huenda ikawa ya mwisho kwake kuziona, akataka kwanza kupapima mahali pale, ajue macho yake yatafika wapi.

Walikuta kamba. Ndani ya kamba kulikuwa na viti vyeupe na meza ndogo, na msichana mwenye sare aliwaeleza kwa upole kwamba upande ule sasa ni wa wageni walionunua jioni ya kitindamlo na mandhari. Wengine wanaweza kutazama kutoka nyuma, kwenye njia ya saruji.

Efraín akarudi hatua moja, akaomba radhi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu. Terrell alimshika mkono wakaenda kuketi kwenye benchi.

“Ivelisse asijue,” mzee akasema. “Kwake pale bado ni pa mama yake. Akijua watu wamepauza, ataanza kuomboleza upya.”

“Ataona mwenyewe siku hiyo, Don Efraín.”

“Siku hiyo nitamweleza mimi. Wewe niahidi tu.” Akageuza kichwa pembeni kidogo, kama alivyozoea sasa, ili amwone kijana. “Kule nyuma kwenye saruji mimi sitaona kitu. Hivyo viti vinanunulika?”

Terrell akasema vinanunulika. Mzee akatoa pochi, Terrell akairudisha mfukoni mwa mzee kwa mkono wake mwenyewe. Alinunua viti vitatu.

*

Siku yenyewe ilipofika, Ivelisse alicheleweshwa kazini. Alimwambia Terrell atangulie na baba, yeye atawakuta palepale pa siku zote. Alifika giza likiingia, bado kavaa sare ya hospitali ya rangi ya zambarau, sweta mabegani, mkononi kabeba sambusa za kikwao alizokaanga alfajiri, na kwapani shuka.

Alichokiona kwanza ni umati uliobanana kwenye saruji, akina mama na watoto shingoni, wote wakichungulia. Kisha kamba. Kisha, ndani ya kamba, baba yake juu ya kiti cheupe, ukanda wa rangi ya dhahabu wa waliolipa mkononi, keki ndani ya glasi mbele yake.

Terrell akaja mbio akiwa ameshika ukanda wa tatu. “Karibu, mpenzi. Lete mkono nikuvishe, wanakaribia kuanza.”

“Nani alisema tunataka viti?”

“Kaa kwanza. Utaelezwa.”

“Nieleze sasa. Mama yangu alikuwa anatandika shuka hapa, bure. Leo baba yangu amewekwa ndani ya kamba, na watu wanamtazama mgongo.”

Terrell akamgeukia mzee. Efraín alikuwa amesikia. Aliinamia glasi yake. Miaka yote binti yake alikuwa akimwona kama mtu asiyefukuzwa mahali, na hakupata nguvu ya kumweleza mbele ya wageni, kwa sauti ya juu, kwamba alifukuzwa. Alijiambia kwamba asubuhi atasema.

“Nilitaka baba aone vizuri,” Terrell akasema. Ulikuwa ukweli, lakini ulikuwa nusu, na nusu ile ilisikika vibaya.

“Nilikuwa na kitu kimoja tu kisichokuwa na bei,” Ivelisse akamwambia taratibu, “nawe umekitafutia bei.”

Akaweka sambusa kwenye meza mbele ya baba yake, akambusu kichwani, akaondoka na shuka lake. Alikuwa amefika kwenye maegesho ya magari fataki ya kwanza ilipolipuka nyuma yake. Hakugeuka. Aliketi garini akisikiliza milio mpaka ikaisha, na alilia akidhani analia kwa ajili ya mama yake.

*

Baada ya hapo hakupokea simu za Terrell. Alimwandikia ujumbe mmoja, mfupi, kwamba hamchukii ila wao wawili hawatazami dunia kwa jicho moja. Terrell alijibu kwamba anampenda na kwamba kuna mambo si yake kuyasema. Ivelisse alilisoma hilo kama ujanja, akazima simu.

Asubuhi ambayo mzee alijiahidi kusema ilipita, na iliyofuata ikapita. Aliona binti yake akipika bila kuimba. Aliona, kwa pembe ya jicho, simu imelazwa kifudifudi mezani. Kila siku aliyoahirisha iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Ilikuwa Jumapili mwishoni mwa Februari Ivelisse alipokuwa akimsomea baba yake habari kwenye simu, maana maandishi yalikuwa yamekwisha kumshinda mzee. Akafika kwenye taarifa kwamba Palmetto Lake watafunga maonyesho ya ziwani kabla ya kiangazi, na mteremko ule utajengwa hoteli.

“Basi,” akasema kwa uchungu, “yule naye alilipia kitu kinachobomolewa.”

“Mimi ndiye niliyemwomba,” Efraín akasema.

Ivelisse akaweka simu chini. Mzee akamsimulia yote, ya Desemba, ya kamba, ya msichana mwenye sare, ya pochi iliyorudishwa mfukoni. Hakujitetea.

“Alinyamaza kwa sababu nilimfunga mdomo. Ungemtukana mpaka kesho, asingesema.”

“Na wewe ulikuwepo, Papi. Ulikuwa umekaa pale.”

“Nilikuwepo. Niliona aibu kwanza, na baadaye niliona aibu kwa sababu nilikuwa nimenyamaza.”

Ivelisse akamsogelea. “Ulifaidi lakini? Uliziona?”

“Niliziona. Nyekundu niliiona vizuri, na ile ya kijani inayomwagika kama mchele. Kwenye saruji nisingeona hata moja.” Akapangusa masharubu. “Lakini kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nacho tulikuwa tumekilipia.”

*

Alimpigia akiwa amesimama jikoni. Simu iliita mara moja tu.

“Uko wapi?”

“Kwa mama, Sanford,” Terrell akajibu.

“Nakuja.”

“Njoo. Ila jiandae. Amepika kuku, na hakuna mtu anayetoka humu na njaa.”

Miss Lorraine, mama yake Terrell, alikuwa mama mnene mwenye kofia ya kanisani ambayo hakuwa ameivua. Alimpokea Ivelisse bila maswali, akamlisha kuku na mboga za majani na mkate wa mahindi, kisha akajikokota kwenda chumbani, akishika ukuta. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba. Wawili hao wakatoka kuketi kwenye ngazi za nyuma.

“Baba ameniambia,” Ivelisse akasema. “Nisamehe.”

“Ningekuwa wewe, ningekasirika vilevile.”

“Mimi nilikuhukumu. Sikukuuliza hata mara moja kwa nini huwezi kusimama kwenye foleni.”

Terrell alitazama mlango ambao mama yake alipitia. Ndipo akamsimulia. Lorraine alisafisha vyumba vya hoteli karibu na bustani hizo miaka yote ya utoto wake, na mara moja tu aliweza kumpeleka ndani. Walisimama kutwa nzima juani. Mama alikuwa ametoka zamu, hakuwa amelala. Kwenye foleni ya mwisho, Terrell alihisi mkono aliokuwa ameushika umelegea, akatazama juu, akakuta mama yake amesinzia akiwa wima, na watu pembeni wanapita kwenye njia nyingine wakicheka.

“Nilikuwa na umri wa kuona haya,” akasema. “Nilijiapia kwamba mtu nitakayempenda hatasimama. Sikufikiria zaidi ya hapo. Silipi ili niwe mbele ya watu, Ivelisse. Nalipa ili usichoke.”

“Ungeniambia hivyo.”

“Kweli, nilipaswa kukuambia.” Akasugua viganja vyake. “Na lile ulilosema la watu wa upande wa pili halijanitoka. Siku ile mama alivyosinzia, kuna aliyelipa ili sisi tusimame. Sasa mlipaji ni mimi. Nimelizungusha kichwani miezi yote hii na sijapata jibu.”

“Mimi pia sina. Baba yangu aliona kwa sababu ulilipa. Halafu kulikuwa na mama kwenye saruji na mtoto shingoni, na sijui yeye aliona nini.”

Walikaa hivyo, mabega yamegusana, bila kulimaliza. Mwishowe Ivelisse akaegemeza kichwa. Terrell akamwambia kwamba siku zote hizo alikuwa akipiga simu maabara kuuliza saa za kufungua, ili tu aone kama atapokea yeye. Ivelisse akasema alijua, wenzake walimwambia kuna kichaa fulani anayeuliza saa za kufungua kila siku na haji kutolewa damu.

*

Ivelisse alitaka kurudi. Kabla maonyesho hayajafungwa, alisema, atanunua mwenyewe viti vitatu, hata kama ni vya bei mbaya, waketi wote. Mzee Efraín alikataa. Macho yalikuwa yameshuka tena tangu Januari. Akienda sasa, alisema, ataona giza na kusikia kelele, na hayo ndiyo atakayobaki nayo. “Nimeshaziona, binti yangu. Usinichanganyie.”

Basi jioni ile haikurudi. Hakukuwa na mahali pa kuinunua. Ivelisse alijifunza kuishi na hilo. Kulikuwa na usiku mmoja mwangavu wa baba yake ambao yeye hakuwamo, kwa sababu alikuwa na hasira.

Terrell alimwomba uchumba mwezi wa Aprili, jikoni, Ivelisse akimenya ndizi mbichi kwa kisu, vidole vimejaa utomvu. Hakupanga. Alikuwa amekuja kutazama kiyoyozi kinachonguruma, akasimama mlangoni na bisibisi mkononi, akamtazama, akauliza. Ivelisse akamwomba arudie. Alirudia, na sauti ilitetemeka zaidi mara ya pili. Kutoka sebuleni mzee akasema kwa sauti kwamba yeye haoni ila anasikia vizuri, na kama binti hajibu, atajibu yeye.

Mwezi uliofuata walikwenda ofisi ya serikali mjini Kissimmee kuchukua kibali cha ndoa. Ivelisse alivaa gauni jeupe la kitani lisilo na mapambo, Terrell shati la mikono mirefu lililopigwa pasi na Miss Lorraine. Mzee alikuwa kati yao, kashika kiwiko cha kila mmoja. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, aliwauliza kama wamehudhuria darasa la wachumba. Waliosoma, alieleza, kibali chao kinaanza kazi leo hii, na wanapunguziwa ada. Ambao hawajasoma, ni lazima wakae siku tatu kwanza ndipo wafunge ndoa.

Ivelisse akamtazama Terrell pembeni, akijua kinachopita kichwani mwake.

“Darasa lipo,” karani akaongeza. “Mnaweza hata kulifanya kwenye simu, mrudi alasiri.”

“Unataka?” Ivelisse akanong’ona.

Terrell alimtazama mzee, kisha karani, kisha akamrudia yeye.

“Hapana, mama,” akamwambia karani. “Andika tu. Hizi siku tatu nazitaka zote.”

“Utazifanyia nini?” Ivelisse akauliza, macho yameanza kumlowa.

“Bado hujanimalizia habari za yule mwingine ambaye mama yako alimkataa.”

Efraín akakohoa. “Yule,” akasema, “alikuwa mkubwa wangu wa kazi kwenye tanuri la mikate. Twendeni tukakae mahali, niwaambie mwenyewe. Mama yako kuna sehemu alikuwa anairuka.”